Mboga za Kaka

Kaka yangu alipostaafu ualimu, mwanafunzi pekee aliyebakia nilikuwa mimi. Alikuwa amefundisha kilimo shuleni tangu ujana wake, na kwa miaka yote hiyo alikuwa amezoea kumaliza kila kauli yake kwa swali, kisha kunyamaza kungoja mkono uinuliwe. Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, watoto wao wakubwa wametawanyika kila mmoja na kazi yake, na kule milima ya Taita akabaki peke yake na shamba la matuta tulilorithi kwa baba. Mimi nilikuwa Mombasa na mume wangu na binti zetu wawili, najaza hati za mizigo katika afisi moja huko Mbaraki, na haikunipitia akilini kwamba mtu mzima anaweza kuamka siku moja akakuta mwenziwe ameamua kumlisha.

Ilikuwa Jumamosi, jua ndiyo kwanza linachomoza, simu ikalia.

“Uko wapi?”

“Kitandani, kaka. Shikamoo.”

“Marahaba. Teremka Makupa sasa hivi. Kuna lori la mboga linaingia kisiwani, dereva ana mzigo wako. Ukichelewa, huo mzigo utauzwa sokoni, na wewe utakuwa umepoteza nini?”

“Mzigo.”

“Vitamini,” akasema, akakata simu.

Nikajitanda leso juu ya gauni la kulalia, nikachukua tuktuk, nikasimama kando ya barabara katikati ya malori kama mke aliyefukuzwa kwake. Dereva alinikabidhi katoni kubwa iliyofungwa kwa kamba ya katani. Juu yake kaka alikuwa ameandika kwa kalamu nene, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: VYA KULIWA, SI VYA KUGAWA.

Nyumbani mume wangu alikuwa amerudi kutoka bandarini, anakotengeneza mitambo. Aliifungua katoni, akatoa fungu la seleri, akalinusa.

“Nani anaumwa?” akauliza.

Ndani mlikuwa na kabichi mbili, koliflawa, brokoli, karoti zenye majani yake, bitiruti zilizojaa udongo mwekundu wa kwetu, na liki, vile vitunguu virefu kama bakora. Juu kabisa palikuwa na ukurasa uliochanwa daftarini, umeorodhesha kila kitu na siku ya kukipika. Jumatatu ilikuwa zamu ya brokoli.

Sharti niseme hapa kwamba mimi si mpishi. Sikuzaliwa hivyo, mama yetu alijitahidi. Lakini nilitoka nyumbani kwenda chuo, nikatoka chuo kwenda afisini, na upishi wangu ukawa wa kutimiza wajibu. Nyumbani kwetu tulikula ugali na sukuma wiki, ugali na maharagwe, na ugali na samaki wa kukaanga niliyemnunua njiani akiwa tayari. Jumapili tulikula kuku. Hakuna aliyelalamika, labda kwa sababu mwenye kulalamika ndiye angeambiwa apike.

Jumatatu nikaipika brokoli. Niliitia majini, nikaifunika, nikaenda kumsaidia binti mdogo kusoma, nikaja kuikumbuka baadaye. Ilikuwa imegeuka rangi ya sare za polisi wa zamani, na nyumba nzima inanuka. Binti mkubwa, ambaye ana miaka kumi na mitatu na haogopi kitu, alitoka chumbani kwake na kuuliza kama kuna bomba limepasuka. Jumanne nikapika kabichi pamoja na bitiruti ili nimalize vitu viwili kwa sufuria moja. Mume wangu alichota, akatazama ugali wake ukilowa damu polepole, akala bila neno. Alipomaliza alisema kwamba bandarini wamefungua kantini mpya, na kwamba watu wanaisifu.

Jumapili alasiri, baada ya kanisa, kaka akapiga simu kutaka ripoti.

“Brokoli uliipika dakika ngapi?”

Nilikuwa bado mwaminifu wakati huo. “Kama ishirini na tano.”

“Dada,” akasema, “hiyo si kupika. Hiyo ni kuadhibu. Watoto walisema nini?”

Nikamwambia habari ya bomba. Akanipa alama mbili kwa kumi, na alizitoa kwa sauti, kama zamani. Nikasikia hata kalamu ikiandika.

Jumamosi iliyofuata lori lilikuja tena, na iliyofuata hiyo pia. Katoni mpya iliingia kabla ya ile ya kwanza kumalizika. Friji yetu ni ndogo, ya mlango mmoja. Ilipojaa, kabichi zilihamia juu ya kabati la vitabu, zikakaa pale zikitutazama tukila sukuma wiki. Nilimwomba kaka apunguze. Akauliza: “Mvua nayo niiambie ipunguze?” Hapo nikafanya lile nililokatazwa kwa herufi kubwa. Nilichukua sinia, nikapanga koliflawa, karoti na kabichi moja, nikateremka chini kwa mwenye nyumba.

Sisi tunakaa ghorofa ya pili, katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, upande wa kutokea Makadara. Mwenye nyumba anakaa chini. Ni mjane, na mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, nasi tukafuata. Sifa yake ilikuwa upishi. Nilipohamia niliambiwa kwamba miaka na miaka hakuna sufuria ya pilau ya harusi iliyoteremshwa mekoni mtaani pale kabla yeye hajaionja chumvi.

“Sabalkheri, Bi Mkubwa.”

“Sabalkheri, mwanangu. Wambaje? Ingia ndani, mbona wasimama mlangoni kana kwamba wewe ndiwe wanidai kodi?”

Nikaingia, nikaweka sinia chini. Akaitazama koliflawa kwa muda.

“Na ua hili,” akasema, “lapambiwa ama laliwa?”

“Linaliwa, Bi Mkubwa. Ni mboga za shambani kwa kaka yangu.”

“Haya. Mola hashindwi na kitu. Mwambie kaka yako ahsante sana.”

Pwani chombo cha watu hakirudi kitupu, hilo nililijua. Nilitarajia labda maandazi mawili. Siku ya pili jioni sinia lilipanda ngazi likiwa na bakuli la achari ya koliflawa na karoti, yenye ndimu na pilipili, na bajia za kabichi bado zina moto. Binti mdogo, ambaye hadi siku ile alikuwa akiificha mboga chini ya mto wa kiti, alikula bajia tano. Mume wangu alikula kwa sauti. Alipofuta vidole alisema: “Mpelekee na zile bakora.”

Nikampelekea liki. Zikarudi zimepikwa na viazi kwa tui la nazi. Nikampelekea bitiruti, zikarudi katlesi, nyekundu ndani, kahawia nje, na hakuna aliyeuliza ni nini hadi zilipokwisha. “Mpelekee katoni nzima,” mume wangu akasema wiki ya nne, na habari ya kantini haikutajwa tena.

Jumapili ya wiki ile ya achari simu ililia. Kaka aliuliza koliflawa niliifanya nini.

“Achari,” nikasema.

“Achari? Nani kakufundisha?”

Nilitaka kusema kweli. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini niliyaona yale maandishi ya juu ya katoni, nikamwona na yeye kule juu mlimani na kalamu yake, nikasema: “Mtu anajifunza tu, kaka.”

Akataka kila kitu. Ndimu ngapi? Koliflawa ilichemshwa kwanza ama ilianikwa? Nikabuni. Mwisho akavuta pumzi na kunipa alama tisa kwa kumi. Tangu nizaliwe sijawahi kupata tisa kwa kaka yangu, katika jambo lolote lile, na naona haya kusema kwamba nilifurahi. Nilizunguka nyumbani jioni nzima na zile tisa zangu kama niliyezitolea jasho.

Uongo wa chakula una ubaya wake: unaliwa kila siku, na kila siku unataka mwingine. Binti mkubwa alikuwa hodari wa kuandika insha, nikamfanya mshauri. Jumamosi usiku alikuwa akikaa na daftari, tunakumbuka kilichopanda ngazi wiki ile, anaandika jinsi “Mama alivyokaanga kitunguu mpaka kikawa rangi ya dhahabu.” Jumapili mimi nasoma kwenye simu. Nilimwonya kwamba kusema uongo ni dhambi, na nikamsahihisha tahajia.

Kule nyumbani kaka naye akaanza kunitangaza. Alizisimulia ripoti zangu kanisani. Mwenyekiti wa chama cha akina mama alinipigia, mama wa heshima zake, kuniomba Desemba nikija niwafundishe katlesi za bitiruti. Nikamwambia Mungu akipenda. Niliona ni salama, maana nilijua katika jambo hilo Mungu hangependa.

Kisha Jumapili moja kaka hakuuliza kitu. Alisema tu: “Ijumaa nakuja. Nitakaa siku tatu. Nataka nikuone ukipika.”

Siku iliyofuata, nilipotoka kazini, sikupanda kwangu. Niliingia moja kwa moja kwa Bi Mkubwa, nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote: ripoti, alama, chama cha akina mama. Nikamwomba Ijumaa anikopeshe mikono yake kwa saa moja tu, apike jikoni kwangu, mimi nishike mwiko kaka akichungulia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaitoa mikono yake chini ya leso, akaiweka juu ya magoti. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda upande mmoja.

“Baridi yabisi,” akasema. “Mwaka wa tatu huu sijashika kisu, mwanangu. Hata kitunguu chanishinda.”

“Lakini zile bajia? Achari?”

“Kwani nalikwambia nimepika mimi?”

Nikafikiri. Kweli hakuwahi kuniambia.

“Wewe washukuru, nami naitikia,” akasema. “Mtu akikushukuru wamkataza?”

Ikawa mboga zetu zilikuwa zikishuka kwake na kutoka kwa mlango wa nyuma hadi Makadara, kwa mama mmoja mwenye hoteli ndogo, meza nne na jiko la makaa, ambaye zamani alikuwa akimsaidia Bi Mkubwa kwenye mapishi ya harusi. Mapatano yao yalikuwa mepesi: mama yule apike, nusu aweke kwa wateja wake, nusu arudishe. Hiyo nusu Bi Mkubwa aliigawa tena, ya kwake na ya kwetu. Ndiyo kusema kwa muda wa miezi watu wa Makadara walikuwa wakila shamba la baba yangu kwa chai ya saa kumi.

Lakini lililonichoma ni jingine. Hoteli ile niliijua. Iko njiani nikitoka kazini. Mwezi ule ule nilikuwa nimeingia humo na mwenzangu wa afisini, tukanunua bajia za kabichi, nami nikamwambia mwenzangu, kwa sauti ya mjuzi, kwamba si mbaya, lakini hazifikii za Bi Mkubwa wa kwetu.

Bi Mkubwa alicheka mpaka akajishika ubavu. “Nenda kamwone,” akasema. “Mwambie nimekutuma.”

Nikaenda saa ile ile. Mama mwenye hoteli alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, rika langu, amejifunga leso kichwani, anakata vitunguu bila kuvitazama. Nilijitambulisha.

“Kumbe ndiwe wa mboga!” akasema. “Wiki ile liki zilikuja na mchanga hadi kwenye moyo. Mwambie huyo anayelima azioshe.”

Nikamwahidi nitamwambia. Nikamweleza shida yangu. Kuja kwangu Ijumaa alikataa. Ijumaa watu wakitoka msikitini hoteli hujaa. Lakini alinihurumia, au labda alitaka kuona. Alinipa kisu na kitunguu, akanitazama nikikata.

“Dada,” akasema, “hizo ni kuni?”

Jioni ile alinifundisha kitu kimoja tu, liki na viazi kwa nazi. Liki zipasuliwe kati zioshwe, zikatwe nyembamba. Viazi viive kwa tui jepesi kwanza. Tui zito liingie mwisho, na hapo, akasema akininyooshea mwiko, usifunike, usiondoke, koroga mpaka liinuke, ukiliacha litakatika. Nilirudi nyumbani nikiyarudia maneno yale njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Kaka alifika Ijumaa mchana, amevaa koti lake la sufi katika joto lile, na katoni ameipakata kama mtoto mgonjwa. Alikuwa amekonda. Hilo nililiona kwanza. Shingo yake ilikuwa inaelea ndani ya kola. Mabinti walimwamkia, mume wangu akampokea mzigo, akapewa maji, lakini hakukubali kupumzika. Aliomba kigoda, akakiweka mlangoni pa jiko, akatoa daftari na kalamu.

“Endelea,” akasema. “Fanya kama sipo.”

Nikapika kama hayupo, yaani kama kawaida yangu. Mwanzo mambo yalikwenda. Nilipasua liki, nikaziosha, nikakata vitunguu vyembamba kiasi, naye akaandika. Akauliza kwa nini viazi kwanza. Nikamjibu vizuri. Akauliza kwa nini tui la pili si la kwanza. Nikamjibu. Akauliza nazi za pwani na mafuta yake, na kama mnazi unaweza kuota kwetu juu, nami nikageuka kumjibu, nikashika kifuniko bila kufikiri, nikafunika.

Nilipofunua, tui lilikuwa limekatika. Maji huku, chembechembe nyeupe kule. Kaka alichungulia.

“Ndivyo linavyotakiwa kuwa?”

“Ndivyo,” nikasema.

Akaandika.

Tulikaa mezani sote watano. Nilikuwa nimenunua na samaki, kwa tahadhari. Mume wangu alichota liki zangu, akala tonge moja, akanitazama kwa huruma ya kweli. Binti mkubwa aliangalia sahani yake akijiuliza ataandika nini wiki hii. Mimi nilikuwa namwangalia kaka.

Kaka alikula ugali. Akala samaki, akachambua miiba yote, akarudia kichwa. Liki alizichukua, kwa adabu, kisha akazisogeza moja moja kwa ncha ya kijiko hadi ukingoni mwa sahani, zikazunguka ugali wake kama ua wa boma. Alifanya hivyo kwa ustadi mkubwa, na huku anaongea. Sidhani ni mimi tu niliyeona, lakini aliyesema ni binti mdogo, kwa kuwa ana miaka sita.

“Mjomba,” akasema, “wewe huli mboga?”

“Nakula,” akasema kaka.

“Mbona hujala?”

Akachukua kipande kimoja, akakiweka mdomoni, akafumba macho, akakimeza na maji kama kidonge. Kisha akaweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

“Sijawahi kupenda mboga,” akasema. “Tangu utotoni. Dada yangu alikuwa mdogo, hakumbuki.”

Mume wangu alikohoa.

Lile shamba, akatueleza, halikuwa lake. Yeye alifundisha kilimo. Aliyelima alikuwa mkewe. Ni mkewe aliyeleta mbegu zile ngeni, akapanga matuta, akapika, akasimama nyuma ya kiti chake mpaka sahani iwe tupu. Alipokufa, mboga ziliendelea kuota kana kwamba hakuna aliyeziambia. Kung’oa alishindwa. Kuuza aliona aibu, asijue kwa nini. Kupika hakujua, naye alikuwa akila ugali na mayai asubuhi na jioni. Basi akatafuta katoni.

“Jumapili ukinieleza mlivyokula,” akasema, “naona kama hazikupotea bure.”

Hapo ndipo ilinibidi na mimi niseme. Kama angekasirika ningeona nafuu. Alinisikiliza, Bi Mkubwa, Makadara, insha za binti, vyote, halafu akalifungua daftari lake kurasa za mwanzo. Ripoti zangu zote zilikuwamo, kila moja na alama yake kwa wino mwekundu. Akachukua kalamu.

“Hii tisa si yako,” akasema, akaikata. “Hii nane si yako.” Akakata. Akaenda hivyo hadi mwisho, taratibu, bila ukali. Aliziacha zile mbili za brokoli. Akaniinulia macho, nasi wawili tukaanza kucheka, na katika kucheka kule aliyetoa machozi kwanza alikuwa yeye, nami sikutaka kuuliza ni ya nini.

Kesho yake Jumamosi alfajiri niliitanguliza ile katoni yake Makadara, kisha nikampeleka na yeye. Nilimtahadharisha mama mwenye hoteli kwamba kaka yangu ni mwalimu, naye akasema sawa, mwalimu naye hula. Kaka alianza kwa kumweleza tofauti ya udongo wa milimani na wa pwani. Mama yule alimwacha amalize, kisha akamwambia habari ya mchanga ndani ya liki, kwa kirefu, na kwamba karoti nazo zinang’olewa mapema mno, mtu ana haraka gani? Kaka akatoa daftari, akaandika yeye.

Aliwekewa sahani ya bajia na chai. Akala tatu akiendelea kuandika.

“Hizi ni za nini?” akauliza.

“Brokoli yako hiyo,” mama akamwambia. “Jana umeileta.”

Kaka aliigeuza ile ya nne kwenye mwanga, akaichunguza pande zote, akaila. Akauliza unga ni wa dengu au wa ngano, na makaa yawe mengi kiasi gani. Tulikaa pale hadi adhuhuri. Mwisho mama mwenye hoteli alimvua koti, akamfunga leso kiunoni, akamkabidhi ungo wa karoti na kisu, kwa kuwa, alisema, mtu hajifunzi kwa kalamu. Wateja walimwita mwalimu. Mmoja alimwagiza chai, naye akampelekea.

Jumatatu asubuhi alirudi kwetu milimani kwa basi, akiwa na mfuko wa bizari, mbuzi ya kukunia nazi, na nazi sita, ingawa nilimwambia nazi zinauzwa hata Voi.

Mambo sasa yako hivi. Jumamosi linakuja lori na katoni mbili, moja ya hoteli ya Makadara na moja ndogo yetu, na mboga zimeoshwa. Bi Mkubwa hakupendezwa na utaratibu huu mpya. Alisema amerukwa, na kwamba yeye ndiye aliyeianzisha biashara. Ikabidi tukubaliane kwamba bakuli lolote litokalo Makadara kuja kwetu lipitie kwake kwanza, aonje chumvi. Bakuli linafika juu likiwa limepungua sana. Kaka amenenepa kidogo. Ameniambia anajua kupika vitu vitatu, na cha nne bado anakifanyia utafiti.

Mimi nami nimejiwekea siku moja kwa wiki ya kupika kilichomo katonini kwa mikono yangu, bila msaada wa ngazi. Jumamosi iliyopita nilipika mchicha kwa nazi. Sikufunika, sikuondoka, nilikoroga mpaka mkono ukafa ganzi, na tui halikukatika. Mume wangu alionja, akaitikia kwa kichwa, akajiongezea mara mbili. Nilifurahi kupita kiasi, ingawa najua hakuwa na njia nyingine: nilipokuwa nimesimama nikikoroga, samaki waliungua wote.